Pombe Isiyo na Chembe

Ildefonsa wa Ntobeye alijulikana kwa mambo mawili: pombe yake ya ndizi na ulimi wake. Aliyekamua ndizi kwa nyasi alikuwa Ineza, mke wa mwanawe, na kikionekana kipande cha jani juu ya juisi, Ildefonsa aliimwaga yote miguuni pa mkwewe huyo. "Kwenu mnakunywa matope?"

Mwanawe Hakizimana, fundi wa maabara mjini, akamwonea mkewe huruma. Akaleta mashine inayopitisha mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Chembe zote zilizomo kwenye juisi zikasukumwa pamoja, zikatengwa kando, juisi ikatoka safi kama maji ya mvua.

Ildefonsa akaitazama, kisha akamgeukia Ineza. "Kumbe kazi yako hata sauti inaiweza. Rudi kwenu Murukulazo." Hakizimana akainamisha kichwa; Ineza akafunga mzigo wake, akaondoka.

Ilipokaribia posa ya bintiye, Ildefonsa akatia mtama wa kukaanga kwenye juisi ili ichachuke, kama desturi. Lakini hakuvumilia kuona punje zikielea, akaipitisha yote kwenye mashine. Mtama ukatoka, na chachu isiyoonekana kwa macho ikatoka nao.

Wageni wa posa walichelewa kufika kutoka Murukulazo. Wakaonja, wakatazamana: juisi tamu ya watoto.

"Ameiharibu mkwe wangu, Ineza," Ildefonsa akawahi kusema.

Mshenga akaweka kibuyu chini taratibu. "Ineza tumemwacha kwetu, mama. Ndiye aliyetuchelewesha. Pombe yake haiachiki."