Mkono wa Mkandaji

Mamangu alikuwa mkandaji. Hapa Mtongwe mwanamke akishajifungua, anayeitwa ni yeye na chupa yake ya mafuta ya nazi. Basi kivimbe kilipomtoka kwenye mkono wa kuume, chini kidogo ya kiwiko, hakuona sababu ya kumsumbua mtu. Akakikanda mwenyewe. Kikawa kama kunazi, kikawa kama ndimu, naye anakikanda tu. Nikimwambia twende hospitali, ananambia, "Mshipa huu. Nimekanda mingapi, wewe hujazaliwa?"

Kilipofika ukubwa wa embe nilimvuta kwa nguvu hadi hospitali, ng'ambo ya feri. Daktari alikigusa, akauliza nani anayekikanda. Mama akajibu, "Mimi," kwa fahari kabisa. Nilitamani ardhi inimeze. Daktari akatueleza kuwa ile ni saratani ya nyama, na kukandwa hakukuisaidia. Imeshajishika na misuli. Akitoa uvimbe peke yake utarudi. Mkono ukatwe juu ya kiwiko, upesi, kabla haijapanda mapafuni. Tena kwa uzee ule, hata dawa ya usingizi ilikuwa na hatari zake.

Mama hakuuliza kama atakufa. Aliuliza, "Nitakula kwa mkono gani?"

Mjomba, mdogo wake mama, aliposikia akasema hakatwi mtu. Muislamu hurudi kwa Mola wake kamili, kama alivyoumbwa. Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Mjomba, heshima yako naijua, lakini ukimzuia, uje umuuguze wewe." Mama akanikemea kuwa mjomba hajibiwi hivyo. Siku zikapita bila uamuzi, na ngozi ya ule uvimbe ikaanza kung'aa na kupasuka. Niliogopa, wallahi, na hofu yangu mimi hutoka kwa ugomvi. Niligombana hata na kuku.

Asubuhi moja akamwita mjomba. "Nitakatwa," akasema, "lakini mkono wangu usitupwe jaani. Umekanda wazazi na watoto wao. Uoshwe, uvikwe sanda, uzikwe kwetu. Na wa kuuzika ni wewe." Yeye ndiye aliyemlea mjomba tangu mama yao alipofariki. Mjomba akainamisha kichwa.

Daktari alikubali kutukabidhi mkono huo. Siku ya kukatwa tulikaa benchini, mimi na mjomba, hatusemezani. Mlango ulipofunguliwa, nesi alitoka na bunda la kitambaa cheupe. Mkono umetoka, na habari za mwenyewe hatuna. Mjomba akaupokea kwa mikono miwili.

"Na mama?" nikauliza.

"Bado yumo ndani," akasema nesi, akarudi zake.

Nikamwambia mjomba aende akawahi feri, jua lisije likauharibu. Akasema, "Siendi mpaka nijue kama nazika mkono au nazika mtu." Akakaa, bunda limo mapajani. Nilimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja. Hatimaye daktari akaja mwenyewe akatwambia moyo wa mama umestahimili, na pale alipokata, nyama ilikuwa safi, haina saratani. Mjomba akainuka akaenda zake, hata kwaheri hakuniaga.

Siku mama aliyorudi nyumbani nilipika wali na samaki wa kupaka. Tukaketi kuzunguka sinia. Kwetu hakuna atiaye mkono kabla ya mkubwa, na mkubwa alikuwa yeye. Akasema bismillahi. Mkono mtupu wa kanzu ukasogea mbele, ukalala juu ya wali. Alikuwa amesahau.

Mjomba akafinyanga tonge, akamnyoshea mdomoni. Mama akageuza uso.

"Dada, mwenye udhuru amesamehewa," mjomba akasema taratibu. "Kula na huo ulio nao."

Mama aliutazama mkono wake wa kushoto muda mrefu. Kisha akauosha, akaanza kula, punje zikimdondoka mapajani. Sisi tukabaki tumemkodolea macho.

"Na nyinyi," akasema, "mwangojani? Wali wapoa."