Programu Inayouliza Kabla ya Kufuta

Ipo Alhamisi moja, mwanangu, ambayo sijawahi kuisahau, na leo nataka uijue. Juzi uliniuliza ni programu gani ya kupanga faili uiweke kwenye kompyuta yako mpya ya mezani. Uliuliza ukiwa umesimama mlangoni, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Nikakuambia uje siku ukiwa na nafasi. Sasa umekuja, kaa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza masomo ya kompyuta mjini Nyeri, na nilijiona najua kila kitu. Nilipata kazi katika mtaa wa Majengo, kwa mama mmoja aliyeitwa Bi Zainabu. Alizaliwa palepale Majengo, na tangu ujana wake alikuwa mpiga chapa, enzi zile za mashine nzito za chuma. Alikodi vyumba viwili karibu na msikiti, na hapo tulichapa barua za watu, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Kompyuta ilikuwa moja tu. Asubuhi aliitumia yeye, mchana nikaitumia mimi.

Bi Zainabu alikuwa na programu yake ya kupanga faili. Skrini yake ilikuwa ya buluu, imegawanywa safu mbili. Kushoto unaona faili zilipo, kulia unaona zinakokwenda. Haikuwa na picha yoyote. Kila kazi ilikuwa na kitufe chake: hiki cha kunakili, hiki cha kuhamisha, hiki cha kufuta. Vidole vyake vilivijua vile vitufe kama vilivyojua herufi.

Mimi nilikuja na programu nyingine kwenye disketi kutoka chuoni. Hiyo ilikuwa na picha ndogondogo za mafolda ya manjano, na unatumia kipanya. Unalishika folda, unaliburuta, unaliachia unapotaka. Niliipenda sana. Siku moja nilimwambia Bi Zainabu, tena mbele ya wateja, kwamba ile yake ni ya kizamani na watu wa mjini wameshaiacha. Hakukasirika. Alisema tu, "Ya kizamani ni kweli. Lakini naielewa." Akaniruhusu nitumie yangu mchana.

Kitu kimoja kwenye programu yangu kilinikera. Kila nilipotaka kuhamisha au kufuta kitu, iliniuliza kama nina hakika. Nikijibu, inauliza tena. Nilikuwa na haraka, na niliona kama inanidharau. Kwa hiyo niliingia kwenye mipangilio yake nikayazima maswali yote. Kuanzia hapo ilifanya nilichoiambia papo hapo, nami nikafurahi.

Sasa nikwambie habari za Cucu Wangechi. Cucu, unajua, ndiyo nyanya kwa Kikikuyu, na mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa mkunga. Kwa miaka mingi alizalisha wanawake wa huko juu kwenye mteremko wa mlima, nyumba kwa nyumba, kabla zahanati haijafika. Watoto wale wengi hawakuwahi kuandikishwa. Walipokua wakataka kitambulisho, wakaambiwa walete cheti cha kuzaliwa, nao hawana. Bila kitambulisho huajiriwi, wala hupigi kura, na polisi akikusimamisha barabarani huna la kumwonyesha.

Kulikuwa na ofisa wa usajili mjini, bwana mmoja mtaratibu kutoka Busia. Yeye alikubali kuwasaidia. Alisema mkunga akitoa ushahidi ulioandikwa vizuri, jina la mama, mahali, msimu na nani alikuwepo, kisha auwekee kidole gumba mbele yake, ataupokea na kuanza kuwashughulikia wale watu. Lakini alikuwa anahamishwa kabla ya mwaka kwisha, na hakuna aliyejua atakayekuja baada yake angekuwa na moyo gani.

Kwa hiyo kila Alhamisi Cucu Wangechi aliteremka mjini, akaketi kando yangu na shali yake begani, akasema na mimi nikachapa. Macho yalikuwa yamefifia lakini kichwa kilikuwa kizima kabisa. Hakujua tarehe. Alijua kwamba mtoto fulani alizaliwa wiki ile mvua ya mawe ilipopiga kahawa, na fulani alizaliwa siku ng'ombe wa jirani alipotumbukia kwenye mtaro, na shangazi fulani ndiye aliyechemsha maji. Tukakaa hivyo Alhamisi nane. Kila mtu alikuwa na faili yake, na faili zote zilikuwa ndani ya folda moja.

Bi Zainabu alikuwa na sheria moja ofisini. Kila Ijumaa kazi ya wiki inakiliwa kwenye disketi mbili, moja inakaa kabatini na nyingine anaipeleka nyumbani kwake. Mwanzoni nilifanya. Baadaye nikaanza kusema nitafanya kesho. Alhamisi ile ninayokusimulia, disketi zilikuwa na vikao vitatu tu kati ya vinane.

Siku hiyo, Cucu alipokwisha kuondoka, nikaanza kusafisha kompyuta kwa sababu nafasi ilikuwa imepungua. Kulikuwa na folda la mitihani ya zamani ambayo shule haikuitaka tena, na folda la Cucu lilikuwa juu yake. Nililishika folda la Cucu nikitaka kulisogeza, mteja akaniita dirishani, nikageuka, kidole kikaachia. Folda la Cucu likaingia ndani ya lile la mitihani. Hakuna swali lililotokea. Niliporudi sikuona tofauti yoyote, na sikutazama sana. Nikalifuta folda la mitihani pamoja na vyote vilivyokuwa ndani.

Hapo pia hakuna kilichoniuliza.

Nilitambua baada ya dakika chache, nilipotaka kuandika kichwa cha habari kwenye faili moja ya Cucu. Nilitafuta kushoto, nikatafuta kulia, nikazima kompyuta nikawasha tena. Kwenye kompyuta ile, mwanangu, hapakuwa na pipa la kuokotea ulichotupa. Kilichofutwa kimefutwa.

Na sasa nakwambia sehemu ninayoionea aibu zaidi. Sikusema. Bi Zainabu alipopita nilimwambia kazi inakwenda vizuri. Ijumaa nilichapa mtihani wa hisabati. Jumamosi nilichapa ratiba ya mazishi yenye kurasa nyingi. Nilikuwa nangoja muujiza, sijui kutoka wapi. Jumatatu asubuhi niliamka nikajua Alhamisi itafika na yule mama ataketi kando yangu, nami nitamwambia nini? Nikaenda kwa Bi Zainabu kabla hajafungua mlango, nikamweleza yote palepale barazani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Alisema, "Wairimu, ile mashine ilitaka kukuuliza kama una hakika. Wewe ndiye uliyeinyamazisha."

Kisha akampigia simu fundi mmoja wa Sagana aliyeitwa Mutiso, Mkamba mpole aliyetengeneza kompyuta za maofisi. Alifika mchana, akachomeka disketi zake, akakaa mbele ya ile skrini kwa muda wa karibu saa tatu. Aliokota vipande vipande, nusu ya jina hapa, mstari mmoja pale. Alipomaliza aligeuka akaniuliza nilifanya nini baada ya kufuta. Nikamwambia niliendelea na kazi.

"Hapo ndipo iliharibikia," akasema. "Ungezima mashine hiyo siku na unipigie, ningekurudishia karibu yote. Kufuta hakukuwa kumeziondoa. Ni hizo kazi zingine uliandika juu yake, zikazifunika."

Yaani kosa la kwanza lilikuwa la kidole. La pili lilikuwa la mdomo uliofungwa, na ndilo lililotumaliza.

Bi Zainabu alikataa kunisindikiza kwa Cucu Wangechi. Alisema ni safari yangu. Nikapanda mlimani peke yangu Jumanne, nikamkuta amelala na kifua kinamsumbua. Alikuwa amepatwa na baridi kali, na daktari alikuwa amemkataza kuzungumza sana. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia kwamba wengi wa watoto wake wamepotea kwenye kompyuta kwa mkono wangu, na kwamba sababu ilikuwa kiburi.

Akauliza, "Ati wamepotea?"

"Ndiyo, Cucu."

"Wao hawakuzaliwa ndani ya hiyo kitu. Mama zao wako. Mashangazi wako. Mimi niko na kifua mbaya, lakini wewe uko na miguu." Akapumzika, akashusha pumzi. "Nenda nyumba kwa nyumba. Mahali watakwama, kuja uniulize. Utaniuliza moja moja, siyo yote."

Mwanangu, nikaamua. Nilijua tuna wiki tano kabla ofisa yule hajahama. Nilinunua daftari mbili. Asubuhi, wakati Bi Zainabu akitumia kompyuta, nilikuwa kwenye mteremko, viatu vimejaa udongo mwekundu. Mchana nilirudi Majengo nikachapa. Kila jioni kabla ya kufunga nilinakili kwenye disketi mbili, na hakuna aliyehitaji kunikumbusha.

Kuna nyumba nilizofika wakanipa chai na kila jambo nililotaka. Kuna mama mmoja aliyeniambia habari za uzazi wake wa tatu akilia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Kuna mzee alinifukuza akidhani nimetumwa na watu wanaotaka shamba lake, nikarudi kesho yake, akanifukuza, nikarudi tena, siku ya tatu akaniletea kigoda. Mahali walipokwama nilikwenda kwa Cucu na swali moja. Alifumba macho, akasema jina la aliyechemsha maji, nami nikaandika.

Wiki ya tano, siku tatu kabla ya yule bwana kuondoka, Cucu Wangechi alibebwa mpaka ofisini kwa ofisa huyo na wanaume wawili aliowapokea mwenyewe walipozaliwa. Nilimsomea kila ukurasa. Ilichukua asubuhi nzima, na ofisa hakumharakisha hata kidogo. Mwishoni akaweka kidole gumba, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka wino ukamwingia kwenye ngozi.

Wengi walipata vyeti vyao. Siyo wote. Kijana mmoja, Kariuki, mama yake alikuwa amekufa na hakuwa na shangazi. Cucu alikuwa ameshanipa habari zake Alhamisi ya nne, zikiwa kamili. Mara ya pili hakuweza kuzikumbuka vizuri, na asingeapa juu ya jambo asilokuwa na hakika nalo. Kariuki alihangaika mahakamani zaidi ya mwaka, na kazi aliyokuwa ameahidiwa kwenye kiwanda cha majani chai akapewa mwingine. Nilimtafuta nikamweleza mwenyewe kwamba ni mimi. Aliniangalia, akasema amesikia, akaendelea kupakia mizigo yake. Sikumlaumu.

Baada ya hayo nilidhani Bi Zainabu atanikataza programu yangu. Hakunikataza. Aliniambia nitumie zote mbili kwa mwezi mmoja, kazi ileile, kisha nichague moja na nimweleze kwa nini. Akaongeza kwamba sababu ya kuwa ni mpya hataipokea, na sababu ya kuwa ni yake hataipokea pia.

Nilifanya hivyo. Niliyarudisha maswali yote kwenye programu yangu ya picha, na kusema kweli ikawa programu nzuri. Lakini mwezi ulipokwisha nilichagua ile ya buluu. Nilimwambia kwamba inanionyesha kwa pamoja kitu kinapotoka na kinapokwenda, na kwamba ili kuhamisha kitu lazima nibonyeze kitufe kwa kukusudia, haiwezekani kidole kiteleze tu. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia nikapige chapa mtihani wa darasa la saba. Niliitumia mpaka kompyuta mpya zilipoacha kuikubali, na hata leo natafuta zenye safu mbili.

Kwa hiyo sikwambii uchague kama mimi. Mkono wako siyo wangu. Nakwambia hivi: usichague programu kwa sababu inapendeza, wala kwa sababu marafiki zako wanayo. Ipe mwezi na kazi yako halisi. Tazama kama inakuonyesha vitu vyako viliko, na kama inakuambia itakachofanya kabla haijakifanya. Ikikuuliza una hakika, jibu kama mtu mzima anayeulizwa jambo la maana, usiyazime maswali kwa sababu una haraka. Ukishaichagua, ijue mpaka chini, kila kitufe chake. Weka nakala mahali pawili, leo, siyo kesho. Kumbuka kila jina unaloliona pale kwenye skrini lina mtu nyuma yake, na huenda mtu huyo anakutegemea wewe tu.

Na siku utakayokosea, maana utakosea, simamisha mkono wako papo hapo, uzime mashine, uende ukaseme. Usingoje Jumatatu.

Mungu akupe mkono uliotulia na mdomo usioogopa kukiri. Akulindie kazi yako na watu waliomo ndani yake. Naye akujalie, siku kijana mwingine atakapokuja kukuuliza, uwe na muda wa kumkalisha chini umjibu.