Balbu ya Chumba cha Wakwe

Watu wa umeme walipita Turwa na gari lenye spika, wakitangaza kwamba ukitoa balbu ya zamani, ile ya mwanga wa njano inayokula uniti, unapewa mpya ya mwanga mweupe bure. Cha bure mimi sikiachi. Nilibadilisha balbu zote za nyumbani mwenyewe, isipokuwa ya chumba cha mama mkwe. Kwa Wakurya mkamwana haingii wanakolala wakwe zake, hata kama baba mkwe ameshafariki. Ikabidi dada mmoja wa watu wa umeme aingie yeye, apande kigoda, mimi nikimwelekeza nikiwa mlangoni.

Jioni nilimzimia mama taa, maana swichi iko hapo hapo pembeni ya mlango. Taa haikuzimika yote. Ilibaki na mwanga hafifu, wa rangi ya maji ya kuoshea mchele, ukiwa umetulia tu pale darini.

"Mama, mbona taa yako bado inawaka?"

"Taa gani?" alisema, ameinua uso kuelekea huko huko juu. "Mimi sioni kitu. Ni giza tupu."

Nywele zilinisimama. Nilifunga mlango bila hata kumtakia usiku mwema.

Kesho yake alikuja wifi yangu, binti mkubwa wa mama, aliyeolewa Nyangoto. Giza lilipoingia nikamwonyesha. Alitazama mwanga ule, akamtazama mama yake anayekana kuuona, akanivuta sebuleni.

"Tata hajaondoka humu," alininong'oneza. Tata ndiyo baba kwa Kikurya. "Sisi sote tunamwona, mama peke yake hamwoni. Unajua maana yake? Amemjia yeye. Anataka kumchukua."

Akaamua kwamba mama ahamie kwake Nyangoto, na akaanza kumfungia nguo kwenye mkoba. Mama, ambaye hana kawaida ya kubishana na watoto wake, alikataa kabisa. "Siendi. Nimezoea hapa." Kadiri alivyokataa ndivyo wifi alivyozidi kuogopa, na mimi msomi wenu, niliyekuwa nacheka habari za mizimu, nikawa napita mbele ya mlango ule mbio mbio nikitazama sakafu.

Mume wangu, anayefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Sirari, alicheka kwenye simu mpaka akanikera. Akatutumia fundi umeme.

Fundi alikuja mchana. Alimwamkia mama shikamoo, na mama akaitika marahaba akiwa ameligeukia kabati. Nililitazama kabati lile nione kuna nani. Hakukuwa na mtu, na mwili ulinisisimka upya.

Tatizo lilikuwa dogo. Aliyefunga waya za nyumba aliifanya swichi ikate nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto unaouleta, kwa hiyo umeme kidogo ulikuwa unabaki kwenye balbu hata ukizima. Balbu ya zamani isingewaka kwa kiasi hicho, hii mpya inaridhika na kidogo. Fundi akageuza waya. Wifi akafunga dirisha la bati, chumba kikawa giza, akaanza kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, mpaka fundi akamwambia dada, utaivunja hiyo swichi. Kila alipozima, giza lilikuwa giza kamili. Wifi alishusha pumzi, akaiacha taa inawaka, akatoka kumsindikiza fundi. Suala la kuhama halikubadilika, alisema. Mkoba ulishafungwa.

Mama alikuwa amekaa kitandani. Nikamuuliza kutoka mlangoni, "Mama, sasa iko sawa?"

"Sasa ndiyo," alijibu. "Giza limetulia."

Mwanga mweupe ulikuwa umemjaa usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama balbu moja kwa moja. Niliogopa kuliko siku zote zile za mzimu.

Nilivuka kizingiti.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe huingii humu."

"Nimeshaingia." Nikapunga mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa. "Tangu lini, mama?"

Alipapasa mpaka akaushika mkono wangu. "Mzee alikuwa bado hai. Yeye alijua. Alikuwa ananiambia nani amekuja." Aliubana zaidi. "Usimwambie wifi yako. Nyumba hii naijua kwa miguu. Kule kwao wamechimba dhahabu mpaka nyuma ya majiko, mashimo kila mahali. Sitamaliza wiki kule, mwanangu."

Nje wifi aliita nimtolee mkoba aliouacha mlangoni. Niliufungua, nikaanza kurudisha nguo kabatini. Mama alisikiliza kidogo, kisha akasema nizipange zilivyokuwa, vitenge chini, magauni upande wa dirisha, kwa sababu zikihama hatazipata.