Mama wa Meksiko Aliyeliliwa Kitanga

Shule mimi niliishia darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kwa hiyo ukiona herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, usinicheke, soma tu. Nataka kueleza jinsi mwaka 2013 sisi watu wa kijiji cha Kitanga tulivyomlilia mama mmoja wa Meksiko ambaye hatukuwahi kumtia machoni. Tulimlilia vizuri, na mpaka leo nikikumbuka natembea kifua mbele.

Mtoto wa mama huyo alikuwa nesi. Aliletwa kuhudumia wakimbizi upande wa Makere, akapanga nyumba Kasulu mjini, nami nikawa nampikia na kumfulia. Kiswahili alikiokota kwa wagonjwa wa Kikongo. Ukimpa chai anasema, "Aksanti mingi, Bibi." Nilipomfundisha kusema "mwakeye" asubuhi, ile salamu yetu Waha, alizunguka nayo mji mzima, hata saa tisa mchana anakuamkia. Alikuwa mtu wa kucheka. Mwezi wa saba akapigiwa simu kwamba mama yake amekufa. Mpaka atafutiwe ndege, huko wameshazika. Akakunja nguo alizokuwa amepanga kusafiri nazo, akazirudisha kabatini, akaenda kazini. Hakulia. Hakulia siku ile, hakulia wiki ile, na kucheka kukakoma. Mimi nimezika mume na watoto wawili, najua: msiba usiotoka kwa macho hukaa tumboni ukala mtu.

Mwezi wa kumi ulipofika ndipo akafungua mdomo. Akaniambia kwao tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja wafu hurudi kutembelea watu wao, na watu husafiri kwenda kuwapokea. Kuna mji wenye ziwa na kisiwa, watu huvuka kwa mitumbwi na mishumaa mpaka makaburini. Kuna mji mwingine wapiga tarumbeta wanakwenda kuwapigia marehemu palepale walipolala. Watu wanakula, wanaimba, wanapamba kwa maua ya njano.

"Na wewe utakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Sijui, Bibi. Nina siku mbili tu za ruhusa. Nisipompokea mama yangu mwaka huu wa kwanza, sitajua kama alikwenda salama au alikwenda na hasira kwamba sikuja kumzika."

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Nikamwambia tutatafuta mahali.

Tukaanza na Kibondo, kwa sababu kule kulikuwa na wageni wenzake wawili wa kazi kama yake. Kibondo mimi naijua, niliolewa huko mara ya kwanza, kwa mwanaume aliyekuwa anaficha chumvi asije mke akaimaliza. Nilimkimbia kwa miguu. Lakini hayo si ya leo. Tulifika tumejaa vumbi jekundu mpaka kope, tukaenda kwenye nyumba ya wageni yenye baa walikopanga wale wenzake, mwenyewe akatupokea vizuri.

"Spika ninazo, mbuzi nitachinja," akasema. "Ila maua ya makaburini na picha ya marehemu ndani ya baa yangu, hapana, mama. Wateja watanikimbia."

Tukarudi Kasulu, tukaenda kuuliza ukumbi. Mtunza ukumbi akauliza bila kuinua macho, "Harusi au sendofu?"

"Marehemu," nikasema.

"Marehemu anaingia ukumbini na nani?"

Nesi akageuka akatoka nje. Nikamkuta ameegemea ukuta, macho makavu, anatazama barabara ya kwenda Buhigwe kama mtu anayesubiri basi lisilo na siku. Hapo ndipo nikasema neno ambalo wala sikuwa nimelifikiria.

"Twende kwangu Kitanga. Kwangu wafu wamelala hapo hapo kwenye migomba, mume wangu na watoto. Mama yako hatakosa wa kumwonyesha njia."

Akanitazama. "Bibi, kweli?"

"Nyumba ya udongo, bati jipya. Ukumbi gani unanishinda?"

Jumamosi moja kabla ya siku yenyewe tukaenda akaone. Pembeni mwa shamba akasimama ghafla, akainama, akachuma lile jani refu lenye vimaua vya njano, linalonuka mikononi siku nzima, ambalo sisi tunaling'oa na kulitupa. Akalinusa. Akasema kwao lipo, na ua la ukoo wake, kubwa zaidi, ndilo huwaonyesha wafu njia kwa harufu. Mimi nilikuwa nalitukana gugu lile miaka arobaini. Kisha akanieleza chakula cha kwao, chapati za mahindi, na kwamba mahindi lazima yachemshwe na chokaa ili ganda litoke. Nikamwonyesha chungu changu. "Sisi tunachemsha na majivu. Ganda linatoka lenyewe." Akaingiza mkono, akasugua punje, akasema mahindi yalitoka kwao zamani sana. Nikamwambia, basi yamelelewa vizuri.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu. Nilimtuma jirani yangu, mzee mwenye asili ya Burundi ambaye sasa ni raia kama mimi, awaambie watu waje. Ningesema, njooni kwenye sikukuu. Lakini mimi nilianza na kilichokuwa kizito moyoni. Nikasema, "Waambie tarehe mbili waje kwangu, mama wa mgeni wangu amefariki, hajaliliwa." Ya sikukuu, maua na nyimbo nikayaacha kuyasema baadaye. Mzee yule hakungoja ya baadaye. Kwetu ukisema mtu amefariki na hajaliliwa, umeshamaliza.

Basi asubuhi ile wakaja. Wanaume wakawasha moto uani, wakakaa kimya. Wanawake wakaja na unga kwenye vikapu, kuni kichwani, maji ndooni, wakavua viatu, wakakaa chini ndani. Na hakuna aliyekwenda shamba. Nataka mtu aelewe hilo. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, mvua imeshalainisha ardhi, kila mtu ana mbegu za kupanda, siku moja ni siku moja. Lakini kwetu kukiwa na matanga jembe haligusi udongo. Kitongoji kizima kiliegemeza majembe ukutani kwa ajili ya mwanamke aliyezikwa ng'ambo ya bahari.

Nami nikawaza, nimefanya nini mimi? Nitawaambiaje?

Kabla sijapata la kusema, Nesi akafika kwa pikipiki. Gauni jekundu la maua, mashada kichwani, redio mkononi, picha ya mama yake kifuani. Akashuka anatabasamu. Akaona moto. Akaona wanaume wamesimama, kofia mkononi. Tabasamu likamtoka.

Akanishika mkono. "Bibi, nani amekufa?"

"Mama yako," nikamwambia.

Redio akaiweka chini. Akaingia ndani vile vile na mashada yake, na wanawake wakaanza, "Yoo, mwana wetu! Yoo!" Mmoja akamvuta akamkalisha mkekani, mwingine akampakata kichwa. Na akalia. Alilia kwa lugha yao, alilia kwa Kiswahili chake cha Kikongo, alilia mpaka gauni la yule aliyempakata likalowa. Miezi mitatu na zaidi ilitoka siku ile. Nilisimama mlangoni, nikasema moyoni, kosa, asante.

Aliyemnyamazisha ni mwalimu wetu, mtu wa Tabora, anayejiita mtani wa kila Mha. Mtani kwenye msiba haheshimu kitu, ndiyo kazi yake. Akaingia amejifunga kanga yangu, akajitupa chini mbele ya picha.

"Wewe bi mkubwa wa Meksiko!" akapiga kelele. "Unakufa bila kuaga, unatuachia mtoto hajui hata kushika jembe! Nani atamwoa huyu? Waha hawa wafupi?"

"Mtani, ondoka, mguu wako unanuka!" akinamama wakamjibu.

"Unanuka njaa! Msiba gani huu hauna hata kande?"

Nesi akanyanyua uso uliojaa machozi, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mtani, amekuja kumtukana mama yako. Akatazama watu wote wanavyojizuia kucheka, kisha akacheka yeye. Kicheko kile kile cha zamani. Akasema, "Mama angempenda sana huyu."

Jua lilipovuka kati, yule mzee jirani akasema matanga yasilale, mgeni ana kazi kesho. Kwa desturi yetu mfiwa ndiye hufungua ardhi. Wakampa jembe na maharage ya mbegu, akachimba mashimo matatu nyuma ya nyumba, la kwanza akachimba karibu na mguu wake, watu wakamkemea, la pili na la tatu yakatoka sawa. Akafukia. Mzee akamwaga chini rubisi kidogo, ile pombe yetu ya ndizi, akamtaja mama yule kwa jina lake, ulimi ukimgomea. Matanga yakawa yamekwisha.

Ndipo sikukuu ikaanza. Maua yale tuliyapanga kutoka barabarani mpaka kwenye picha. Chapati za mahindi nilizikaanga mimi mwenyewe, zikaliwa kwa maharage mpaka nikakomba chungu. Redio ikapigwa, akatufundisha kuzungusha gauni, sisi tukamfundisha kupiga mguu chini. Mtani alizungusha kanga yangu mpaka ikachanika, na hajailipa.

Jioni jua likiwa bado lipo, akampigia baba yake simu. Huko kwao ilikuwa asubuhi. Akaongea sana, akilia na kucheka, kisha akanipa simu. Mimi lugha yao sijui, na baba yake yetu haijui. Lakini nilisikia anavuta pumzi.

Nikamwambia kwa sauti, ili wote walio uani wasikie, "Mzee, pole. Mke wako tumemlilia hapa Kitanga, watu wote, hakuna aliyelima. Mtoto wako hakuwa peke yake."

Nesi akaichukua simu, akamgeuzia maneno yangu. Halafu yule baba akasema jambo moja, fupi.

"Anasema nini?" wanawake wakauliza wote kwa pamoja.

"Anauliza," Nesi akasema, "Kitanga ni mji mkubwa kiasi gani?"

Nikaisogelea tena ile simu. "Mwambie," nikasema, "ni mkubwa sana."