Gavana Wangu wa Italia

Mimi uchumi sikusomeshwa na mtu. Nimejifunza kwa simu, nikiwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye foleni ya malori bandarini Kipevu, dereva kalala. Huko ndiko nilikompata Mtaliano wangu: mwalimu wa chuo aliyeingia benki kuu yao, akapanda mpaka akawa gavana. Wanasiasa wakimtaka ashushe riba ili wapendeze kwa watu, anawaambia hapana. Nikampenda kama wenzangu wanavyopenda timu.

Maskani kwetu Kisauni, pale tunapokunywa kahawa na kubishana, wakanicheka. "Gavana wa kaunti gani huyo?" Nawaka! Aliyenisikiliza ni mmoja tu, rafiki yangu tangu madrasa. Nikamfundisha riba ni nini, unga unapanda kwa nini. Akitukanwa rafiki yangu huyo, napigana mimi.

Maskani yetu ina sheria: ukiapa ukaumbuka, unyamaze mpaka aliyekuumbua akumiminie kahawa kwa mkono wake. Na mimi kunyamaza ni kufa.

Jioni moja nikatoka kazini, nimeshinda bila bando, habari sijaona. Hata sijakaa vizuri, rafiki yangu akaniuliza mbele ya wote, pole pole: "Yakhe, Mtaliano wako wakimwita kwenye siasa, atakwenda?"

"Haendi."

"Apa."

"Wallahi haendi! Akienda, mimi hapa sisemi tena."

Akatoa simu. Mtaliano wangu huyo, na suti yake, anaapishwa uwaziri mkuu. Maskani ikalipuka. "Haya gavana, funga bakuli!" Muuza kahawa alicheka mpaka akaweka dele lake la kahawa chini.

"Ulijua saa ngapi?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi. Ni mzaha tu, ndugu yangu."

Mtaliano aliniuma, sikatai. Lakini yule hanijui, hajaniahidi kitu. Huyu ananijua. Alijua navyowaka, akaniwashia kiberiti watu waote moto.

Akamimina kahawa, akaninyooshea kikombe. Ningekipokea ningesema mpaka mate yakauke. Nilikitazama tu. Moshi ukaisha, mkono wake bado uko pale pale, kicheko kimemtoka usoni. Nikainuka, nikaenda zangu.

Sasa nabishana kwenye maskani nyingine, Frere Town, na Mtaliano bado namtetea. Nikipita pale kwetu hutolewa salamu, naitikia, maana salamu haikataliwi. Akiitoa yeye pia naitikia. Neno la pili hapati.