Marahaba Iliyopotea Njia

Kosa lilikuwa langu. Binti yangu aliyeko Tanga aliniandikia, "Shikamoo mama," nami nikajibu nikiwa katikati ya matuta ya karoti, "Marahaba mwanangu, umekula?" Ujumbe ukaenda kwenye kundi la kwaya. Huko, bibi aliyetuzidi wote umri kwayani alikuwa ametoka kumwamkia mwinjilisti mstaafu aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Marahaba yangu ikatua chini ya shikamoo yake, kana kwamba nimeiitikia mimi, tena nikamwita mwanangu.

Kabla sijagundua, simu iliishiwa chaji. Nilipoiwasha kesho yake, nilishapewa jina: Bibi Marahaba.

"Shikamoo bibi wa Usambara nzima!"

"Bibi, wajukuu hatujala!"

Nikaomba radhi, nikacheka nao. Siku ya nne picha yangu ya harusini ilikatwa, ikabandikwa mkongojo. Siku ya kumi muuza viazi sokoni Lushoto, nisiyemjua, aliniuliza kama nimekula. Nikaanza kukosa mazoezi ya kwaya.

Utasema, si ungejitoa? Nikueleze taratibu. Ukijitoa, simu inawatangazia wote kwamba umetoka, na kwetu anayeondoka bila kuaga amegombana. Halafu taarifa za misiba zinapita humohumo. Nikijibu, nawachochea, nikinyamaza, nimekubali. Wala hakukuwa na mtu mbaya. Kila mmoja alituma kicheko kimoja tu. Ila wao walikuwa arobaini, na mpokeaji ni mimi peke yangu.

Jumamosi nilikunja sare yangu ya kwaya, nikampelekea yule bibi ili airudishe kwa viongozi.

"Hata wewe bibi ulicheka," nilimwambia.

"Nilicheka, mwanangu. Niliogopa wakikuacha wewe watanishika mimi, na haya meno yangu mawili."

Akainamia simu yake, akabonyeza pa kutuma sauti kundini. "Wanakwaya, huyu aliniuliza kama nimekula. Nyie hamjawahi kuniuliza. Nimekula, mama. Anayetaka kucheka tena, aje acheke hapa mlangoni kwangu. Apige hodi kwanza."

Tukakaa tukiitazama simu. Mtu mmoja alianza kuandika, akaacha. Mwingine naye akaanza, akaacha.

Bibi akanisukumia sare. "Vaa, twende mazoezini. Sauti ya pili haina watu."

Nilivaa. Lakini mpaka leo binti yangu akiniandikia shikamoo, simjibu kwa maandishi. Nampigia.