Shuka sita za vumbi, na swali nililoulizwa Kishushe

Wakuu, hamjambo? Naandika kutoka Voi. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sitatia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Mwaka jana alinitembelea shuleni msichana niliyewahi kumfundisha, Wakesho. Akiwa form three nilimfukuza lab kwa kumwaga kemikali kwenye karatasi ili aone rangi zinavyotambaa.

Sasa ni msanii. Si wa kuchora ndovu wa kuuzia watalii. Alitaka kupaka shuka nyeupe mafuta ya mgando, azitundike kwa wiki mbili kwenye nyumba tano Kishushe, kando ya barabara ya malori ya mgodi. Vumbi lenyewe ndilo lichore.

"Sasa mimi unanitakia nini?" nikamuuliza.

"Nataka mtu wa kuniambia nikikosea, mwalimu."

Nikiri, hapo nilisikia aibu kidogo.

Nikamwambia shuka zote zipakwe mafuta kipimo kimoja, na ya sita itundikwe Bura, mbali na malori, tupate ya kulinganisha. Akakubali.

Tuligombana mara moja tu. Siku ya kuzitoa, moja haikuwa imeshika vumbi vile alivyotarajia. Akachota udongo mwekundu aiongezee.

"Mwalimu, hii ni sanaa, si mtihani."

"Ukiongeza hata kijiko, zote sita zitakuwa uongo."

Alinuna kutwa nzima. Lakini udongo aliumwaga.

Tulizitundika kwenye ukumbi wa kanisa hukohuko Kishushe, baada ya ibada, kila moja na jina la mwenye nyumba. Ya Bura ilikuwa karibu nyeupe. Zile nyingine, wakuu, ungedhani zimefukuliwa ardhini.

Mama mmoja, Mkamburi, alisimama mbele ya shuka yake, mtoto mgongoni. Akapitisha kidole, akakitazama.

Msimamizi wa malori naye alikuwepo. Akasema kwa sauti, "Hizi zimepakwa rangi."

Wakesho akampa shuka safi na kopo la mafuta. "Tundika mwenyewe, nje ya ofisi yako."

Watu wakapiga makofi.

Ndipo Mama Mkamburi akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye umesoma. Hili vumbi ndilo linamkohoza mtoto wangu?"

Ukumbi mzima ukanitazama. "Ndiyo" moja tu ingetosha. Wakesho alinikodolea macho akiisubiri.

"Sijui, mama," nikasema. "Shuka inaonyesha vumbi. Haionyeshi kifua cha mtoto."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akaniuliza nimetumwa na nani. Wakesho akatoka nje bila kuniangalia, na hilo liliniuma zaidi.

Mama Mkamburi hakuondoka. Alimweka mtoto sawa mgongoni, akasema, "Basi apimwe. Na asipimwe wangu peke yake."

Wiki hiyo akina mama walienda zahanati pamoja, wamebeba ile shuka ya Mkamburi. Watoto wakapimwa. Kuna waliopatikana na pumu. Kuna waliokuwa na mafua tu.

Mtoto wa Mkamburi alikuwa na TB.

Amemaliza dawa sasa, anakimbia. Shuka ya msimamizi nayo ilitoka nyekundu kama zile zingine, na siku hizi barabara inamwagiwa maji asubuhi na jioni. Si kila siku, lakini tofauti ipo.

Wakesho alinipigia simu aliposikia majibu ya mtoto. Akasema, "Ungesema ndiyo, mwalimu, nani angempima?"

Nikamwambia nami bila yeye ningeandika ripoti nzuri sana, ikakaa ofisini. Hakuna mama angeibeba mpaka zahanati.

Nilichojifunza ni hicho. Msanii aliwafanya watu waone, na mimi kazi yangu ilikuwa kusema pale macho yanapoishia, hata kama ukumbi mzima utanichukia.

Mlio kwenye sanaa na mlio kwenye sayansi, mngemjibu nini yule mama? Semeni tu, msinionee huruma.